Hopsi bustanini: mkasi kwanza, mbolea baadaye

Watu wanaotaka kupanda nyumbani hopsi, mmea ambao koni zake, yaani maua yake ya vigamba, hutiwa kwenye bia, huniuliza maswali mawili: niweke mbolea gani, na nitavuna lini? Swali ninalolisubiri mara nyingi haliji: nikate nini, na nikate wakati gani? Kwa uzoefu wangu, hilo ndilo linaloamua kama utapata kapu la koni zenye harufu au fundo la majani yenye magonjwa. Hopsi iliyokomaa, ikiwa katika wiki zake za kasi, inaweza kurefuka hata sentimita 30 kwa siku moja, na shina lake likafika mita sita mpaka nane. Mmea wenye nguvu hizo hautaki kusukumwa. Unataka mtu wa kuupunguza.

Lakini tuanze na kile unachopanda. Hopsi ina mimea ya kiume na mimea ya kike, na koni zinazotiwa kwenye bia hutoka kwa ya kike peke yake. Ukiipasua koni utaona, kwenye shina la kila kigamba, unga wa manjano unaonata. Huo ni lupulini, na humo ndimo mlimo uchungu na harufu yote. Mmea wa kiume hauna kazi kwako. Chavua yake huzijaza koni mbegu. Kwa hiyo achana na mbegu. Baadhi ya miche itatoka ya kiume, na hata ile ya kike haitafanana na mama yake. Tafuta tunguu, yaani kipande cha shina linalotambaa chini ya udongo, au mche uliokwisha kushika mizizi, kwa muuzaji anayeweza kukuhakikishia ni aina gani na kwamba hauna virusi. Mmea uliopata virusi hauna tiba, na hopsi ni mmea wa kukaa nao miaka mingi, hata ishirini. Usiokoe senti kidogo hapo.

Kwa anayeanza napendekeza aina iitwayo Cascade. Ilitolewa kwa wakulima huko Marekani mwaka 1972, huzaa vizuri, na huuvumilia ubwiri unyoya, ugonjwa wa ukungu, kuliko aina nyingi za kale. Saaz na Hallertau zina harufu ya upole ninayoipenda mno, ila huzaa kidogo na hazikubali kila mahali.

Mahali ndipo penye jambo ambalo watu wengi hulipita. Mashamba makubwa ya hopsi duniani yako mbali na ikweta: bonde la Yakima huko Marekani na eneo la Hallertau huko Ujerumani yote yako kati ya latitudo 46 na 49 kaskazini, na Nelson ya New Zealand iko karibu na 41 kusini. Huko mchana wa kiangazi hufika saa 15 na zaidi. Mchana mrefu huufanya mmea uendelee kupanda juu bila kuchanua. Siku zinapoanza kufupika, unaacha kurefuka na kuanza kutoa maua. Ukiwa mahali ambapo mchana ni saa 12 mwaka mzima, hopsi itachanua ingali fupi, na koni zitakuwa za kuhesabika. Hilo lina dawa. Unawasha taa jioni ili kuurefusha mchana mpaka saa 16 au 17, na unaendelea hivyo hadi shina lifike juu ya kamba, kisha unazizima. Taa za kawaida za LED zinatosha, kwa kuwa kazi yake ni kuufanya mmea usihisi usiku umeingia. Chakula chake utakipata kwenye jua la mchana. Wakulima wa George, Afrika Kusini, walio kwenye latitudo 34, walitegemea taa kabla ya kupatikana aina zilizozalishwa kwa ajili ya mchana wao mfupi. Na usikatishwe tamaa na anayekwambia kwamba bila majira ya baridi hopsi haichanui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kwamba baridi si sharti.

Kupanda kwenyewe hakuna mambo mengi. Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita hadi nane kwa siku, udongo tifutifu usiotuamisha maji, wenye pH kati ya 6 na 7. Changanya mboji ya kutosha, laza tunguu, vichipukizi vikitazama juu, fukia sentimita tano, weka matandazo bila kuyagusisha na shina. Mimea ya aina moja iachane mita moja. Aina tofauti ziachane mita mbili au zaidi, la sivyo mashina yatasukana huko juu na siku ya kuvuna hutajua koni ipi ni ya nani. Kama huna ardhi, chombo cha lita 50 au zaidi kitafaa, ila kitakudai maji kila siku ya joto.

Mwaka wa kwanza, mkasi ukae stoo. Acha kila chipukizi liote, kwa sababu majani hayo ndiyo yanayoijenga mizizi. Mwagilia kidogo kidogo na mara kwa mara, maana mizizi bado iko juu. Koni zitakuwa chache au hazitakuwapo, na mavuno kamili huja mwaka wa tatu. Sioni sababu ya kuuharakisha.

Tayarisha kamba mapema. Hopsi haina vikonyo vya kushikilia kama vya mzabibu. Shina lenyewe hujizungusha, likijishikiza kwa vinyweleo vigumu vilivyopinda mfano wa ndoano. Pitisha kidole kwenye shina utavihisi vikikukwaruza. Ukifanya kazi mikono wazi, jioni utakuwa na michirizi myekundu toka kiganja mpaka kiwiko, na baadhi ya watu huwashwa ngozi. Vaa glavu na mikono mirefu. Ndoano hizo zinataka kitu cha kukwaruza, kwa hiyo kamba ya katani au ya makumbi ya nazi ni bora kuliko nailoni laini, ambayo mmea hutelezea chini ukilemewa. Nguzo ya mita tano inatosha nyumbani. Kama unaweza, funga kapi juu ya nguzo, ili siku ya mavuno uishushe kamba nzima chini badala ya kuning'inia kwenye ngazi na kapu mkononi. Na kama huruhusiwi kwenda juu, pitisha kamba wima mita mbili kisha uilaze kando ya ua. Ncha ya shina itataka kuendelea kwenda juu, hivyo itabidi uielekeze kwa mkono kila baada ya siku chache.

Sasa mkasi. Kuanzia mwaka wa pili, mmea ukiamka, ardhi hutoa machipukizi kwa pamoja, mengi, mekundu yanayokaribia zambarau. Ya kwanza ni manene na yana uwazi ndani, nayo hukimbia kuliko yote. Macho yatakwambia ndiyo ya kuyatunza. Yakate yote mpaka usawa wa udongo. Machipukizi ya awamu ya pili huwa na vifundo vilivyokaribiana, na matawi ya pembeni yanayozaa koni hutoka kwenye vifundo. Mimi huyala yale niliyokata: ncha laini, zikichemshwa kidogo na chumvi, ni mboga nzuri sana.

Awamu ya pili ikifika kama nusu mita, chagua mashina mawili au matatu kwa kila kamba, kamba mbili kwa mmea, na mengine yote ondoa. Yataota tena wiki ijayo, ondoa tena. Hapa ndipo wengi huingiwa na huruma, wakaacha mashina kumi na tano yapande pamoja wakidhani watapata koni mara tano. Wanachopata ni kivuli. Majani ya ndani hugeuka manjano, unyevu hukaa, na koni hutokea juu kabisa tu, kwenye mwanga.

Ukizungusha shina kwenye kamba, lifuate mwelekeo wa mshale wa saa ukitazama kutoka juu. Ukilizungusha kinyume, kesho utalikuta limejifungua. Fanya kazi hiyo alasiri. Asubuhi shina limejaa maji na huvunjika ncha kwa kuguswa tu; baada ya jua kulipiga huwa linapindika bila shida.

Mmea ukishapita mita mbili, rudi na mkasi chini. Ondoa majani na matawi yote kutoka ardhini hadi karibu mita moja. Panaonekana uchi, najua, lakini ubwiri unyoya huanzia huko, pale matone ya maji yanapourusha udongo kwenye majani na hewa haipiti. Utautambua kwa chipukizi lililodumaa, rangi yake imepauka, vifundo vimebanana, majani yamejikunja kuelekea chini na upande wa chini yana utando wa kijivu au mweusi. Ling'oe, usilitupe kwenye mboji. Ubwiri unga nao huonekana kama madoa meupe ya vumbi juu ya jani. Magonjwa yote mawili hupungua sana ukimwagilia shinani bila kulowesha majani, na ukiwa umepunguza mashina kama nilivyosema.

Wadudu wakuu ni vidukari na utitiri. Utitiri hupenda joto kavu: geuza jani, tafuta vidoti vinavyotembea na nyuzi nyembamba. Maji ya mpira yenye nguvu, yakielekezwa chini ya jani asubuhi ili pakauke mapema, hupunguza wengi bila sumu, na wadudu rafiki humalizia. Hapa mbolea ina lawama yake. Hopsi inapenda naitrojeni wakati wa kurefuka, lakini ukizidisha unapata majani laini ambayo vidukari huyafuata. Samadi iliyooza vizuri mwanzoni mwa msimu, nyongeza kidogo katikati, halafu acha kabisa maua yakianza.

Kama una mbwa, soma hili mara mbili. Hopsi ni sumu kwa mbwa. Koni, mbichi, kavu au zilizokwisha kuchemshwa kwenye pombe, zinaweza kumpandisha joto la mwili mpaka kumuua, kwa muda mfupi. Mabaki ya kupikia bia yasikae kwenye mboji ya wazi.

Kuvuna kunataka vidole na pua. Koni changa ni ya kijani kibichi na nzito, na ukiibonyeza hubaki imebonyea. Iliyoiva ni nyepesi, huchakarika kama karatasi, ukiibonyeza hurudi ilivyokuwa, na ncha za vigamba huanza kuwa na kahawia kidogo. Ipasue kwa urefu: lupulini iliyokuwa ya manjano mpauko sasa ni ya manjano iliyokolea. Sugua viganjani unuse. Ikinuka majani, subiri. Ikinuka kitunguu saumu au jibini, umechelewa. Koni za juu huiva kabla ya za chini, na ukiwa na subira utavuna kwa awamu.

Koni mbichi karibu robo tatu mpaka nne kwa tano ya uzito wake ni maji, na zitaharibika ndani ya siku moja au mbili zikirundikana. Tandaza kwenye wavu, kivulini, feni ikipuliza. Ukitumia joto lisipite nyuzi 60, na mimi hupenda liwe chini ya hapo sana kwa sababu harufu ni ya kwanza kukimbia. Vigamba hukauka mapema na kukudanganya. Angalia kijiti cha katikati ya koni: kikipinda bado, kikikatika zimekauka. Ukitaka uhakika, tumia mizani. Pima gramu 100 za koni mbichi peke yake kwenye mfuko wa wavu, zikauke pamoja na nyingine. Zikifika kati ya gramu 22 na 27, ziko tayari. Zishindilie kwenye mfuko usiopitisha hewa, toa hewa yote, andika aina na mwaka, weka kwenye friza.

Ukipika bia, kumbuka kwamba hujui kiasi cha uchungu kilichomo kwenye koni zako, kwa kuwa hubadilika kila msimu. Kwa uchungu tumia hopsi ya kununua yenye kipimo kwenye pakiti, na zako uzitie mwishoni mwa kuchemsha, au baada ya moto kuzimwa, ambako harufu yake itabaki. Mbichi kabisa zinafaa pia, ila uzito uwe mara nne mpaka sita ya kavu.

Baada ya kuvuna usikate shina hadi ardhini. Acha kama mita moja mpaka likauke lenyewe, maana bado linapeleka chakula kwenye mizizi. Kisha, kuanzia mwaka wa tatu, kila mmea unapokaribia kuamka, chukua sepeto na ukate mduara kulizunguka shina, sentimita 30 kila upande, kwa kuwa matunguu hutambaa chini kwa chini mpaka yameteka tuta la jirani yake. Vipande utakavyong'oa, vya urefu wa kidole na vyenye vichipukizi viwili au vitatu, ndivyo miche ya mwenzako. Vizungushie karatasi yenye unyevu, uvitie kwenye mfuko, na viwekwe kwenye friji hadi siku ya kupandwa. Usisahau kuandika jina la aina kwenye mfuko.