Nyali, Hola au digrii kwanza: kwa mama aliyeuliza kuhusu mshahara wa binti yake nesi

Dadangu, umesema binti yako amemaliza diploma ya uuguzi na leseni anayo. Hospitali ya kibinafsi ya Nyali, hapa Mombasa, imemwita, kaunti ya Tana River nayo imemwita Hola, na babake anataka asiende kokote mpaka asome digrii. Mimi ni nesi tangu 2011, na njia hizo tatu zote nimezipita. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Nilianza hospitali ya kibinafsi hapa Mombasa. Mshahara ulikuwa shilingi 18,000, donge moja, hamna la nyumba wala la nauli lililotengwa. Zamu ya usiku naingia saa moja jioni natoka saa moja asubuhi, wiki nzima. Aliyepangwa usiku mmoja kwa mwezi na aliyepangwa usiku kumi na tano walipokea sawasawa. Nikiugua siku mbili, zinakatwa. Nilikuwa mgeni wa kazi, sikujua hata la kuuliza.

Mwaka 2014 nikaajiriwa na kaunti moja ya mbali, safari ya basi kutwa nzima. Serikalini ngazi zinajulikana: mwenye cheti huingia daraja G, mwenye diploma H, mwenye digrii K. Kinachotofautisha nesi wa H wa hapa na wa kule ni marupurupu. Ya nyumba ni makubwa zaidi Nairobi, miji kama Mombasa na Kisumu inafuata, mashambani ni madogo. Lakini sehemu kama Tana River na Lamu zina posho ya mazingira magumu, ambayo nesi wa Mombasa haipati. Siku nilipoiona karatasi yangu ya kwanza ya mshahara nililia: msingi, nyumba, nauli, mazingira magumu, kila kitu na mstari wake. Chumba nilipanga kwa pesa ambazo Kisauni hupati hata banda. Nikamtumia mamangu pesa bila kukopa, mara ya kwanza maishani.

Sikufichi mabaya yake. Maji tulinunua. Mwaka 2017 tulipogoma nchi nzima, Juni mpaka Novemba, nilikaa miezi mitano bila mshahara, nikaishi kwa mkopo wa dukani. Posho ya huduma ya uuguzi tunayoipata leo tuliipigania hivyo, na mwaka 2019 ilibidi tugome tena kwa sababu kaunti kadhaa hazikuwa zimelipa tulichokubaliana. Binti yako akiikuta kwenye mshahara wake ajue ilikotoka.

Kuhusu usiku, watu wengi hudhani serikali inalipa zaidi. Hailipi. Mshahara ni ule ule, usiku wenyewe unafidiwa kwa siku za mapumziko. Ndiyo maana manesi wengi hutumia mapumziko yale kufanya lokamu, zamu za kulipwa kwa siku kwenye hospitali nyingine. Nami nilifanya. Asubuhi moja, baada ya usiku kazini na mchana wa lokamu na usiku mwingine kazini, nilisimama mbele ya kabati la dawa nikasoma jina la mgonjwa mara tatu bila kulielewa. Niliacha siku ile ile. Nakuomba umwambie bintiyo hili kabla hajaanza kuhesabu pesa za lokamu kama mshahara.

Rafiki yangu aliyekwenda Uingereza, baada ya mkataba wa nchi zetu mbili wa 2021, anaishi hesabu nyingine kabisa. Huko hospitali za umma humwanzisha nesi mpya daraja la 5, awe ana diploma au digrii, kwa kuwa kinacholipwa ni kazi aliyoajiriwa kuifanya. Katika daraja hilo, saa za usiku na za Jumamosi huongezwa asilimia 30, za Jumapili na sikukuu asilimia 60, na anayefanya kazi katikati ya London ana nyongeza ya asilimia 20 kwa ughali wa maisha. Yaani mahali na saa vimeandikwa bei yake. Natamani siku moja nasi tufike hapo, kwa sababu usiku wa wodini ni mzito kote duniani.

Sasa digrii. Niliisoma nikiwa kazini, nikamaliza 2018. Nilidhani mwezi unaofuata nitakuwa K. Nilibaki H mpaka 2021, miaka mitatu, nafanya kazi ile ile na cheti kiko kabatini, kwa sababu kubadilishiwa daraja kulihitaji nafasi na bajeti, na mwajiri hakuwa na vyote viwili. Hakuna aliyenieleza mapema. Kwa hiyo babake ana haki kuitaka digrii, ila isitangulie kazi. Aajiriwe, kisha aiulize kwa maandishi bodi ya utumishi wa umma ya kaunti kama nafasi za K zipo, ndipo alipe karo.

Ningekuwa yeye ningekwenda Hola, mradi barua iseme ajira ni ya kudumu na pensheni. Ikiwa ni mkataba, afikiri mara mbili: wenzetu walioajiriwa 2020 kwa mikataba ya miaka 3 chini ya mpango wa afya kwa wote walifanya kazi bega kwa bega nasi wakilipwa chini yetu, wakaandamana miaka kudai haki. Na Nyali wakimtajia mshahara, aulize umegawanywaje na usiku unalipwa vipi, kisha atoe asilimia 2.75 ya SHIF (bima ya afya), 1.5 ya tozo ya nyumba, NSSF (akiba ya uzeeni) na kodi ya mapato, ndipo aulinganishe na wa Hola.

Kurudi Mombasa kunawezekana, lakini kaunti zote mbili lazima zikubali. Mimi nilirudi 2022 baada ya kumpata nesi wa hapa aliyetaka kwenda kwao, tukabadilishana. Posho ya mazingira magumu ikaondoka, ya nyumba ikapanda, na kodi ya chumba huku Mtopanga ikaimeza yote. Lakini namuona mamangu kila Ijumaa.

Akiipata barua ya Hola, nitumie maneno yaliyoandikwa, jina lake lifute, nitakusomea mstari kwa mstari.