Mmeng'enyo wa wanyama wacheuao: fuateni asidi, msifuate glukosi

Wengi mnaoanza somo hili mnakuja na picha ya tumbo la binadamu: wanga unaliwa, unavunjwa kuwa glukosi, glukosi inafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, hadithi imeisha. Picha hiyo iwekeni kando mapema. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, glukosi inayofyonzwa utumboni kwa kawaida ni kidogo mno, na anayeitafuta huko atakwama kila swali linalofuata.

Anzeni na rumeni, chumba cha kwanza na kikubwa kuliko vyote kati ya vinne vya tumbo la mnyama huyo. Mnyama mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja selulosi, yaani nyuzi ngumu za majani. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, protozoa na kuvu wanaoishi humo. Wakishaivunja selulosi ikawa sukari, wanaila wenyewe papo hapo. Wanga wa nafaka nao unakumbana na hao hao, tena kwa kasi zaidi. Kinachomfikia mwenye tumbo ni mabaki ya karamu yao, yaani asidi mafuta tete: asetiki, propioniki na butiriki. Mabaki hayo ndiyo yanayompa karibu asilimia 70 ya nishati yake.

Vitabu vitawapa uwiano wa asidi hizo tatu, kwa mpangilio huo huo, wa takriban 70:20:10 kwa mnyama anayekula majani. Kuukariri ni rahisi. La maana ni kujua kinachouhamisha. Ukiongeza nafaka, propioniki inapanda na asetiki inashuka, na kwa kuwa kiwele hutumia asetiki kutengeneza mafuta, maziwa yanaweza kuwa mepesi. Swali la mtihani na swali la mfugaji hapo ni lile lile.

Asidi nyingi hufyonzwa moja kwa moja kupitia ukuta wa rumeni. Mkipata nafasi machinjioni, ombeni kuonyeshwa ukuta huo ukiwa umeoshwa. Una vinyweleo vingi vya nyama kama taulo, na ndivyo vinavyoongeza eneo la kufyonza. Butiriki nyingi hugeuzwa kuwa kitu kingine ukutani humo humo kabla ya kuingia kwenye damu. Propioniki huenda kwenye ini na huko hutengenezwa glukosi. Hapa tulieni kidogo: lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina karibu gramu 48 za laktosi, yaani sukari ya maziwa, kwa hiyo anayetoa lita 20 kwa siku ametoa karibu kilo nzima, na laktosi haitengenezwi bila glukosi. Sehemu kubwa ya glukosi hiyo imeundwa na ini, haikutoka kwenye pumba ikiwa glukosi.

Ndama msimchanganye na mama yake. Maziwa anayonyonya hupita kwenye mfereji maalumu hadi tumbo la nne bila kuingia rumeni, na laktosi yake humeng'enywa utumboni kama yetu. Vile vinyweleo vinakuzwa hasa na butiriki na propioniki. Ndiyo maana ndama wa maziwa matupu hubaki na ukuta laini, hata akinenepa.

Mada inayowaangusha wengi ni tindikali kuzidi rumeni, kwa sababu huisoma kama ugonjwa wa pekee wakati ni hesabu ile ile imeharibika. Wanga mwingi ukiingia kwa ghafla, asidi zinazalishwa haraka kuliko zinavyofyonzwa. pH, kipimo cha ukali wa asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, kwa kawaida ni kati ya 6 na 7; ikishuka chini ya 5.5, bakteria wanaokula selulosi wanadorora na hali ikizidi wanaozalisha asidi laktiki wanashika hatamu. Asidi hiyo ni kali kuliko zile tatu. Tena mnyama anayekula nafaka nyingi na majani machache hucheua kidogo, na bila kucheua mate hupungua. Ng'ombe mkubwa hutoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku, yamejaa bikaboneti, chumvi inayopunguza ukali wa asidi. Huo ndio ulinzi wake, nanyi mmeupunguza wakati anauhitaji zaidi.

Kwa hiyo mkiingia bandani, kabla ya kugusa kipimo chochote, tazameni waliolala. Kama walio wengi hawacheui, ulizeni chakula kilibadilishwa lini. Mabadiliko ya kwenda kwenye nafaka yafanyike polepole, wiki mbili hadi tatu, ili vijidudu na ukuta wa rumeni vizoee. Na majani yakatwe yakiwa na urefu wa kumlazimisha mnyama kutafuna. Yakisagwa kuwa unga, hata yakiwa mengi, hayamcheuishi.