Kabla hujashika pini, ujue umri wa funza

Mama mmoja wa Kasulu ametuma swali, na kwa kuwa si wa kwanza kuliuliza, jibu naliweka hapa kila mtu alione. Mwanawe wa darasa la pili halali. Usiku kucha anakuna vidole vya miguu. Mama akaingia intaneti, akasoma kwamba dawa ni kupaka rangi ya kucha ili mdudu akose hewa. Akapaka nyekundu, vidole vyote kumi. Siku ya nne mtoto anachechemea.

Mama, huo ushauri wa rangi ya kucha ni wa Marekani na unahusu mdudu mwingine kabisa. Kule kuna utitiri wa majanini. Mtoto wake, mwekundu na mdogo kuliko ncha ya sindano, hung'ata pale nguo inapobana, kiunoni au kwenye ukingo wa soksi, akashiba siku chache kisha akadondoka. Haingii ndani ya ngozi. Muwasho unapopamba moto mara nyingi mwenyewe ameshaondoka, kwa hiyo hata kwao hiyo rangi ni kazi bure. Ila jina lake kwa Kiingereza limepishana kidogo tu na la mdudu wetu, ndiyo maana ukimtafuta huyu unaletewa yule.

Wa kwako ni funza. Wengine humwita tekenya, na aliyempa jina hilo alimjua vizuri, maana siku ya kwanza hawashi, anatekenya.

Kuna wanaonong'ona kwamba funza ni laana ya ukoo au mkono wa jirani. Funza hakuwepo kabisa katika bara hili mpaka 1872, alipoingia na mchanga wa meli iliyotoka Brazili kwenda Ambriz, Angola. Kutoka hapo akasafiri kwa nyayo za wapagazi na askari, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshafika upande wetu wa Afrika. Tabora na Ujiji zilikuwa njia panda ya misafara. Laana gani hiyo inayopanda meli?

Tuje kwenye mguu. Funza ni kiroboto wa milimita 1 hivi. Jike huingia kichwa mbele, akaacha ncha ya nyuma nje. Kupitia tundu hilo anapumua, anatoa kinyesi na anadondosha mayai. Kile kidoa cheusi unachokiona katikati ya uvimbe ndiyo hiyo ncha. Kila kitu kinaanzia kwenye kukisoma kidoa hicho, na watu wengi hawakisomi. Wanaona cheusi, wanachukua pini.

Siku ya kwanza ni kidoa chekundu tu, ukipapasa husikii kitu. Siku ya pili panawasha kweli, pamevimba kidogo, kidoa cheusi kimejitokeza. Kuanzia siku ya tatu kunatokea duara jeupe kama lulu kuzunguka kidoa, na duara hilo linakua: punje ya mtama, punje ya dengu, mpaka wiki ya pili au ya tatu linaweza kufika sentimita 1 kwa upana. Huo weupe ni tumbo la funza limejaa mayai. Wakati huo mtu hasemi tena panawasha, anasema panauma, na anakanyaga kwa kisigino au kwa ubavu wa mguu. Ukitazama kwa makini unaweza kuona uzi mwembamba wa kahawia, hicho ni kinyesi, au viyai vyeupe vimenata kwenye ngozi. Baada ya wiki tatu hivi duara linageuka gamba jeusi lililokauka. Hapo funza amekufa au yuko kufani. Wiki ya tano au ya sita ngozi inamtupa nje na kubaki kishimo cha duara.

Sasa pini ni ya nani katika hao? Kwa maoni yangu ni ya yule wa punje ya mtama hadi dengu tu, wa siku ya tatu hadi ya sita au ya saba. Mfuko wake bado mgumu, unatoka mzima. Wa siku ya kwanza hushiki kitu, utachimba nyama. Mkubwa wa wiki ya pili ngozi ya mfuko wake imetanuka kama puto, ukigusa vibaya unapasuka. Na mwenye gamba jeusi unamchimba wa nini? Ameshakufa. Osha, linda kidonda kisiingie uchafu, ngozi itamaliza yenyewe. Kuna vidonda vibaya vinavyofika zahanati vilivyochimbwa kumtafuta maiti.

Kabla ya hapo hakikisha kweli ni funza. Chunjua ya unyayoni nayo ina vidoa vyeusi, lakini ni vingi vimetapakaa, na haikui kwa siku mbili. Upele huwasha katikati ya vidole vya mikono, viganja na kiunoni, na nyumba nzima hukuna. Jipu lenye tundu linalopumua mgongoni au makalioni huwa ni buu la yule inzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa nje. Dawa yake ni kupiga pasi ya moto kila nguo, hata chupi na nepi, mpaka kwenye mishono. Na wenzetu wa Tabora mnaolala kwenye tembe za zamani, mking'atwa usiku bila kusikia, kisha homa ikaja, ikaondoka, ikarudi baada ya wiki hivi, hapo mshukuni papasi, yule kupe wa nyumba za udongo. Nenda upimwe damu, na umwambie mhudumu kwamba nyumbani kuna papasi, la sivyo atafikiria malaria peke yake.

Kutoa. Tafuta mwanga wa jua, si taa ya simu. Loweka miguu dakika 10 hadi 15 kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ili ngozi ilainike, kausha, kisha futa kwa spiriti. Tumia sindano mpya ya bomba, kila mtu na yake. Pini moja ikizunguka watoto sita wa nyumba moja inabeba damu ya wote, na humo mna homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kuichoma kwa kiberiti sekunde mbili si kuisafisha.

Usichome kidoa. Hapa ndipo mikono mingi inapokosea. Laza sindano karibu sambamba na ngozi, anzia pembeni ya duara jeupe, na inua ile ngozi ngumu ya juu kidogo kidogo ukizunguka kidoa, kama mtu anayebandua kifuniko bila kukivunja. Ngozi hiyo imekufa; ukifanya vizuri mtoto hasikii maumivu wala damu haitoki. Ukimaliza mzunguko, bonyeza taratibu pande mbili kwa vidole vilivyovaa glavu. Funza atajisukuma nje kama shanga nyeupe yenye kidoa cheusi upande mmoja. Akitoka hivyo, amekwisha. Ukiona majimaji na vipande vya ngozi laini, amepasuka, na sehemu imebaki ndani. Kipande hicho ndicho huleta usaha. Usiendelee kuchokoa. Osha kwa maji mengi na sabuni, weka ayodini, na kama kesho yake pamevimba, pana joto au mstari mwekundu unapanda mguuni, zahanati.

Shimo linalobaki lipakwe ayodini, lifungwe kwa kitambaa safi, mtoto avae viatu vya kufunika siku hizo mbili tatu. Funza aliyetolewa umtie motoni. Ukimfikicha kwa kidole na kumtupa uani umepanda mayai mia na zaidi kwenye vumbi. Na ulizia chanjo ya pepopunda: kidonda cha funza kina kina, kina uchafu, hakina hewa, yote anayoyapenda yule mdudu wa pepopunda. Watoto wengi wamechanjwa wakiwa wachanga. Watu wazima wengi, hasa wazee, hawakumbuki lini.

Akiwa na funza wengi, tuseme zaidi ya kumi, weka sindano chini kabisa. Kumtoboa mtoto matundu arobaini ni kumuumiza mara ya pili. Kuna mafuta ya dimetikoni, yale mepesi, ambayo madukani huuzwa kama dawa ya chawa. Hayana sumu. Kwa kuwa ni mepesi sana yanapenya kwenye lile tundu la nyuma na kuliziba, funza anakosa hewa. Osha na kausha miguu, dondoshea kila kidoa mara tatu ndani ya dakika 10, kisha acha. Usitarajie kuona kitu kesho. Wengi hufa ndani ya wiki moja, na ngozi inawatoa yenyewe. Katika jaribio lililofanywa Kenya, baada ya siku saba funza 78 kati ya 100 waliopakwa dimetikoni hawakuwa na dalili ya uhai, dhidi ya 39 kati ya 100 kwa miguu iliyolowekwa kwenye maji ya pamanganeti, zile fuwele za zambarau.

Fuwele hizo bado zina kazi yake: kukausha vidonda vyenye usaha. Gramu 5 kwa lita 10 za maji, koroga mpaka pasiwe na punje hata moja maana punje inaunguza, miguu ikae humo dakika 10 hadi 15. Itabaki na rangi ya kahawia, si ugonjwa. Mafuta mazito ya mgando hayaingii tunduni, ila hulainisha nyufa za kisigino. Mafuta ya taa, maji ya betri, ile sumu ya kupulizia tumbaku: hapana. Yanachoma ngozi, sumu inaingia mwilini kupitia vidonda, na funza wa ndani anaweza kubaki hai.

Kwa muwasho wenyewe, kitambaa chenye maji ya baridi dakika kumi kabla ya kulala, kucha za mikono zikatwe fupi, na kwa mtu mzima kidonge kimoja cha setirizini cha miligramu 10 usiku. Cha mtoto apimiwe na mhudumu.

Haya yote ni mguu. Kisima kiko sakafuni. Mayai yakianguka kwenye vumbi huanguliwa kwa siku tatu nne, na kama wiki tatu baadaye kuna viroboto wapya wanaoruka sentimita 20 hivi, ndiyo maana ni miguu. Mtoto anayelala kwenye mkeka juu ya udongo mtamkuta nao hata viwikoni na makalioni. Kigoma yetu inakuwa mbaya zaidi kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua za Oktoba au Novemba, vumbi likiwa jepesi kama unga. Wanaojiuliza kwa nini wanatoa kila Jumamosi na kila Jumamosi wamo, jibu wanalikanyaga.

Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na taka za kufagia zichomwe, zisiishie mlangoni. Usiyekuwa na uwezo wa saruji, chukua udongo wa kichuguu, ponda, lowesha, shindilia mpaka ung'ae, na kila ufa unaotokea uzibe siku hiyohiyo. Mwenye uwezo: mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ndoo saba za mchanga, ndoo za lita 20. Chumba cha mita 3 kwa 3, unene wa sentimita 2 na nusu, kinakula mifuko miwili hivi. Anza na chumba wanacholala watoto, sebule itasubiri. Watu hapa wanaanza na sebule kwa sababu ya wageni.

Halafu mbwa na nguruwe. Inua kwato na nyayo, utawakuta hukohuko. Unamtibu mtoto huku nguruwe anazurura jikoni akidondosha mayai, utatibu mpaka ajiunge sekondari. Nguruwe bandani, mbwa aogeshwe dawa kwa ushauri wa afisa mifugo. Paka usimguse kwa dawa ya mbwa, nyingi zinamuua. Panya nao ni wabebaji, kwa hiyo mahindi yasilale chumbani.

Kwa hiyo mama, leo jioni loweka miguu ya mtoto, kesho asubuhi juani hesabu vidoa na uone kila kimoja kiko umri gani. Hapo ndipo hiyo rangi nyekundu ilipokuponza: imefunika kidoa, huwezi kujua yupi wa kutoa na yupi wa kuacha. Iliyo juu ya ngozi itabanduka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ukisugua taratibu kwa kitambaa. Ile dawa ya kutolea rangi isipite penye kidonda, itamuunguza.