"Hard", "hardly", "hustler": maswali yenu kuhusu bidii kwa Kiingereza

SWALI: Katika barua ya kuomba kazi niliandika "I work hardly". Mwenzangu anasema nimejiharibia. Kosa liko wapi, wakati "quick" huwa "quickly"? Mhitimu wa chuo, Morogoro.

JIBU: Mwenzako amesema kweli. Kama barua haijaondoka, irekebishe leo. Neno "hard" halibadiliki: ni kivumishi katika "hard work", na ni kielezi hivyo hivyo lilivyo katika "I work hard". Ile "-ly" uliyoizoea imezaa neno jingine kabisa. "Hardly" maana yake ni "kwa shida sana" au "karibu na hapana", kwa hiyo mwajiri anaona sentensi ya ajabu, na akijaribu kuielewa anapata kwamba kazi hufanyi.

Angalia pia neno linapokaa. "Hard" hufuata kitenzi, "hardly" kwa kawaida hukitangulia. "She works hard" ni mchapakazi. "She hardly works" ni mtu ambaye kazi haigusi. Na kwa kuwa "hardly" tayari lina ukanushi ndani yake, usiliongezee "not". "I hardly know him" inatosha kusema kwamba humfahamu vizuri. Mtego kama huo uko kwa "late" na "lately": la kwanza ni kuchelewa, la pili ni siku hizi za karibuni.

Ukishamaliza hapo, pekua barua yako utafute "a hard work" na "hard works". Zote mbili zifute. "Work" kwa maana ya kazi haihesabiki. Kinachohesabika ni "job", ndiyo maana mtu anaweza kuwa na "two jobs" lakini si "two works". "Works" ipo, ila ni kazi za msanii au shughuli za ujenzi, kama katika jina la Kiingereza la wizara ya ujenzi. Nomino ni "hard work", maneno mawili. Sifa ni "hardworking", neno moja au lenye kistari. Chagua namna moja uishike barua nzima.

Lakini ushauri wetu mkubwa ni huu: usiishie kwenye "I am hardworking". Kila mwombaji anaiandika, na anayesoma barua mia hana sababu ya kukuamini wewe kuliko wengine. Taja ulichofanya: "I kept the stock records for two shops and balanced the cash every evening." Hapo bidii inaonekana bila kutajwa.

SWALI: Naandika barua ya kumpendekeza mwanafunzi wangu. Nitumie "hardworking", "diligent" au "industrious"? Mwalimu wa sekondari, Tabora.

JIBU: "Hardworking" inafaa popote. "Diligent" ni bidii yenye umakini: mtu anayekagua hesabu mara ya pili bila kuambiwa. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kuthamini na kupenda, na mpaka leo linamfaa mwanafunzi, mhasibu au muuguzi kuliko mbeba mizigo. "Industrious" ni mtu asiyekaa bure. Ni la kitabuni kidogo, na usilichanganye na "industrial", ambalo ni la viwanda. "Workaholic" liache kabisa. Limeundwa kwa kufuata neno la mlevi wa pombe, kwa hiyo linamsema mtu aliyetawaliwa na kazi.

SWALI: Hapa kwetu sote ni "hustlers". Naweza kujitambulisha hivyo kwa wateja wa nje? Mfanyabiashara, Nakuru.

JIBU: Kwa wateja wa nje, hapana. Kenya neno hili lilipanda hadhi na uchaguzi wa 2022, kisha Hazina ya Hustler, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, iliyozinduliwa Novemba mwaka huo, na maana yake ni mtu anayejitafutia riziki. Marekani "side hustle", yaani kibiashara cha pembeni, haina ubaya. "Hustler" lakini bado lina maana yake ya zamani: tapeli, mcheza kamari mjanja, hata kahaba. Andika "small trader" au "self-employed".

Jihadhari vilevile na "graft". Katika magazeti ya Kiingereza ya Nairobi, kama ilivyo Marekani, ni ufisadi. Mwingereza akisema "hard graft" anasifu kazi ya jasho, na "grafter" kwake ni mchapakazi.

SWALI: "Pole na kazi" nawaambia wageni "sorry for work", wananitazama tu. Nisemeje? Mhudumu wa hoteli, Zanzibar.

JIBU: "Sorry" ya Kiingereza ni ya kuomba radhi au kusikitikia jambo baya, kwa hiyo mgeni anatafuta ubaya uko wapi. Neno moja la kuziba pengo hili halipo. Aliye kazini mwambie "You're working hard!" Aliyemaliza, "You must be tired." Uganda watu husalimiana "well done", kwa kufuata "gyebale" ya Kiganda, na wenyewe wanaelewana vizuri. Mwingereza atadhani anapongezwa kwa jambo maalumu na huenda akauliza ni lipi.

Hatari zaidi ni "napambana". Ukimwambia meneja wako Mzungu "I am struggling", anasikia kwamba kazi imekushinda, na anaweza kuwaza kuipa mtu mwingine. Sema "I'm working on it" au "I'm doing my best."

SWALI: "Labour" ni kazi au uzazi? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Vyote viwili. "In labour" ni mwenye uchungu wa kujifungua, na ndiko tulikopata "leba". "Hard labour" ni adhabu ya kifungo, ambayo Uingereza iliifuta mwaka 1948. Ukitaka kusema unafanya vibarua, "I do casual work" haitamchanganya mtu.