Kwa mwenye lambo la Manyoni: hela ya dawa nunueni magambuti

Mbukwenyi wakuu. Mleta mada anasema lambo la kijiji chao huko Manyoni limefunikwa nusu nzima na magugu maji, yale majani yanayoelea yenye maua ya zambarau. Kuna jamaa kawaambia atawapigia dawa siku mbili yote yaishe, na wanakijiji wameshaanza kuchangishana. Anauliza watoe hela au wasitoe. Wengine hapo juu mmemwambia atafute wale wadudu walioachiwa Ziwa Victoria wale magugu hayo. Ngoja nijibu kwa urefu kidogo, maana lambo letu huku Chamwino lilipata ugonjwa huohuo, na aliyeuleta ni mimi.

Naam, mimi. Mwaka 2016 nilichimba kibwawa cha perege nyuma ya nyumba, kama hatua mia mbili kutoka lambo la kijiji. Jua la Dodoma mnalijua, mchana maji yalikuwa ya kuogea. Nilikwenda nyumbani Mwanza kwenye msiba, nikarudi na miche sita ya magugu maji kwenye ndoo ili niwapatie samaki kivuli. Mtu aliyekulia Kirumba, aliyeona kwa macho yake mwaka 1998 mitumbwi imekwama kwenye magugu na wavuvi wanashinda mwaloni wakicheza bao, anapakia magugu yaleyale kwenye basi mpaka Dodoma! Kifuku, yaani msimu wa mvua, kilichofuata kibwawa kikafurika, maji yakashuka lamboni. Siku moja ua la zambarau likachanua pale akina mama wanapochota maji, na watu wakalisifia.

Kwenye maji ya vuguvugu yenye samadi, mmea huu unaweza kujizidisha maradufu ndani ya wiki mbili. Miche sita ikijizidisha mara kumi unapata 6,144, na hapo miezi mitano haijatimia. Kiangazi cha pili ng'ombe walikuwa wanakunywa kwa kupasua njia katikati ya majani.

Sasa dawa. Sisi pia tulimpata wa kwetu, akapiga kona moja ya majaribio. Majani yaligeuka kahawia kweli, tukashangilia. Baada ya siku kadhaa yakaanza kuzama na kuoza, na mzoga wa majani ukioza majini unakula hewa yote ya samaki. Asubuhi tuliwakuta perege wametoa midomo juu wanahema, jioni wanaelea. Maji yakanuka, mbuzi wakayakataa, na sisi hatuna maji mengine. Halafu kile kilichozama kinabaki chini kama mbolea ya kizazi kinachofuata. Mwambie huyo jamaa akuonyeshe kopo, usome mwenyewe kama limeandikwa linaruhusiwa kwenye maji ya kunywa watu na mifugo. La kwetu lilikuwa la kusafishia shamba la mahindi.

Kuhusu wadudu: ni fukusi wa aina mbili, asili yao Amerika ya Kusini kama gugu lenyewe, na waliachiwa Ziwa Victoria miaka ya 1990 katika nchi zote tatu. Walifanya kazi, ingawa mpaka leo watu wanabishana ni fukusi kiasi gani na ni mawimbi ya El Nino ya 1997/98 kiasi gani. Lakini wanahitaji miaka kadhaa kujaa, na buu wake anajigeuza kwenye mizizi chini ya maji. Lambo letu Novemba ni tope lenye nyufa. Mmea ukifa na fukusi anakufa, kifuku unaanza naye upya. Ziwa lisilokauka, sawa. Lambo la Manyoni, hapana.

Tulichofanya ni mikono, ila kwa akili kidogo. Kiangazi huku upepo unatoka mashariki, na mchana unasukuma zulia lote la majani upande wa magharibi. Tukafunga madumu matupu ya lita 20 kwenye kamba ya katani, dumu kila baada ya hatua mbili, tukaning'iniza chini yake wavu chakavu. Saa tisa alasiri upepo ukishakusanya majani, vijana wawili wanavuta kamba kufunga kona kama mlango wa zizi. Kesho yake asubuhi, upepo ukiwa umelala, ndipo mnaingia na reki mkiwa mmevaa magambuti mpaka gotini. Msiingie pekupeku. Konokono wa kichocho wanapenda sana kujishika kwenye mizizi ile, na watoto wasiingie kabisa hata wakilia.

Tulifanya Septemba na Oktoba maji yakiwa kidogo, kila Jumamosi, mkokoteni wa punda ukibeba. Siku ya kwanza walikuja watu wengi, kulikuwa na ugali wa uwele na mlenda. Siku ya nne tulikuwa tisa. Jipangeni kwa hilo. Majani yana uzito wa kutisha maana zaidi ya tisa ya kumi ni maji: mkokoteni mzima ukikauka unabaki na mzigo wa kubeba kichwani.

Na msimwage kwenye tuta la lambo. Sisi tulimwaga hapo kwa uvivu, mvua ya kwanza ikarudisha kila kitu majini, mashina yalikuwa bado yana uhai ndani. Pelekeni mbali, upande ambao maji hayateremki kuja lamboni, yatandazwe juani mpaka yavunjike mkononi. Kwenye mboji sipeleki yenye maua au mbegu.

Na wakati mnang'oa, msijichanganye mkamaliza na mimea isiyo adui. Vijana wetu walifyeka yungiyungi na matete yote ya mlangoni mwa maji wakidhani ni adui. Matete yale ndiyo yaliyokuwa yanachuja udongo na samadi kutoka mbugani. Tumeyapanda upya na bado hayajarudi vizuri.

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, sisi tukiwa wa kwanza. Lambo lilikauka Novemba, hakuna jani hata moja, mwenyekiti akatangaza ushindi. Kumbe ua likinyauka, shina lake linajikunja na kudondosha mbegu chini, na mbegu zile zinaweza kukaa kwenye tope miaka 15 na zaidi zikingoja. Kukauka kisha kulowana kwa maji machache yenye joto ndiyo hali zinayoipenda kuota. Yaani tabianchi yetu ya Dodoma ndiyo mkunga wao.

Kwa hiyo kazi yenyewe iko Desemba na Januari. Mche mchanga haufanani na gugu mnalolijua. Hauelei, umejishika kwenye tope la ukingoni, majani yake membamba kama ya nyasi, na ile mipira ya kwenye vikonyo vya majani inayoufanya uelee bado haijavimba. Ukiupita hapo, wiki chache baadaye unajing'oa wenyewe na kuelea. Sisi tumegawana ukingo vipande, kila kitongoji na chake, watu wanazunguka asubuhi mara mbili kwa wiki na ndoo. Mwaka wa kwanza tulijaza ndoo na ndoo. Mwaka huu mimi kwenye kipande changu nimepata miwili, mmoja ulikuwa ndani ya alama ya kwato ya ng'ombe.

Ng'ombe wenyewe tumewatoa majini. Bomba limepita chini ya tuta hadi kwenye mabirika ya kunyweshea, na pembezoni tumepanda minyaa. Bustani za nyanya za ukingoni zilileta ugomvi zaidi ya ng'ombe, mpaka mtendaji alipowasomea wenye bustani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ile inayokataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye bwawa. Wapo waliohama, wapo waliosogea mita kumi wakasema wamehama.

Mleta mada, kabla ya yote hayo nenda kesho kaangalie njia ya kutolea maji ya ziada. Kama maji yake yanaangukia korongo linaloelekea mto Kisigo, huo unaishia Mtera, na Mtera ni bwawa la umeme na la wavuvi wa mikoa zaidi ya mmoja. Simikeni nguzo na wavu wa waya pale kabla mvua haijaanza, na mtu wa kuusafisha kila mvua inaponyesha, la sivyo utaziba na maji yatapita juu ya tuta. Kisha nenda ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu uwaambie mlichokiona. Mimi nilichelewa kwenda kwa aibu, nikapoteza kifuku kizima.