Maswali ya Wasomaji: Saruji, Chokaa na Makongamano ya Wataalamu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nyumba ya mawe tuliyorithi kwa babu hapa Mji Mkongwe, Unguja, imeanza kubanduka lipu kwenye ukuta wa chini, na ufa umetokea juu ya mlango. Fundi wetu anataka kuikandika saruji ili tuondokane na adha. Ofisa aliyekuja kukagua amekataa, akisema makongamano ya kimataifa ya uhifadhi yamekwisha kuamua kwamba lazima itumike chokaa. Mimi sioni kwa nini watu waliokutana ugenini, wasioijua nyumba yetu, watupangie cha kupaka ukutani. Je, makongamano hayo yana nguvu gani?
Msomaji, Unguja

JIBU: Kisheria, ndugu msomaji, kongamano halina nguvu yoyote juu ya nyumba yako. Wataalamu hukutana, husoma mada, hubishana, na mwishoni hupitisha maazimio ambayo hayamfungi mwenye nyumba hata mmoja. Kinachokufunga ni sheria na kanuni za huko huko kwenu, kwa kuwa Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, jambo linaloifanya serikali iwajibike mbele ya mataifa mengine. Ofisa alipaswa kukutajia kanuni, si kongamano. Hata hivyo, hoja aliyoiegemea ni nzito kuliko alivyoieleza.

Makongamano hayo hayakuanza kwa kuipenda chokaa. Mnamo Oktoba 1931 wataalamu walikutana Athens, Ugiriki, chini ya ofisi ya makumbusho ya Ligi ya Mataifa, jumuiya iliyotangulia Umoja wa Mataifa, na hati waliyoipitisha iliridhia matumizi ya busara ya nyenzo za kisasa, hasa zege la nondo, tena ikapendekeza viimarisho hivyo vifichwe ili jengo lisibadilike sura. Wajumbe walipanda hadi Acropolis, kilima cha mahekalu ya kale mjini humo, kutazama kazi ya mhandisi Nikolaos Balanos, ambaye kati ya 1923 na 1930 alikuwa amesimamisha upya nguzo za upande wa kaskazini wa hekalu la Parthenon, akiyaunganisha mawe kwa vyuma. Waashi wa kale nao walikuwa wametumia vyuma, lakini walivizungushia madini ya risasi ili maji yasivifikie. Vya Balanos havikukingwa hivyo. Vikashika kutu, na kwa kuwa chuma kinachoota kutu hutanuka, vikayapasua marumaru kutoka ndani. Kamati iliyoundwa mwaka 1975 ndiyo iliyosimamia kazi ndefu ya kuvitoa na kuweka titani, metali isiyoshika kutu, mahali pake. Kosa hilo, basi, lilifanywa na wasomi, kwa nia njema, na wageni wa heshima wakalitembelea.

Kuanzia hapo utaelewa kwa nini vikao vilivyofuata vilikuwa na hadhari zaidi. Kongamano la Venice, Italia, la Mei 1964 lilitoa hati yenye vifungu 16, inayosema kwamba ukarabati ukome pale dhana inapoanza, na kwamba mbinu za kisasa zitumike pale ambapo mbinu za asili zimeshindwa, nazo ziwe zimethibitishwa kwa vipimo vya kisayansi na kwa uzoefu. Angalia kwamba hati hiyo haikuipiga marufuku saruji. Iliitaka ithibitishe kwanza kuwa inafaa, na kwenye ukuta kama wako haijaweza.

Ukuta wako umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Jiwe hilo lina vitundu vingi. Hunywa maji kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, kisha huyatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa, ambayo hupitisha unyevu. Maji hayo hubeba chumvi, na yanapokauka chumvi hubaki ndani ya lipu, nayo lipu huchakaa na kubanduka. Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo sababu wazee walikuwa wakiirudia kila baada ya muda bila kulalamika kwamba nyumba imeharibika. Ukikandika saruji, maji hukosa pa kutokea: hupanda juu zaidi, chumvi hujikusanya nyuma ya saruji na kulitafuna jiwe lenyewe, na siku saruji inapoanguka huondoka na uso wa ukuta. Kwenye boriti madhara ni makubwa zaidi, kwani ncha zake zimeingia ukutani, na ukuta usiokauka huziozesha mahali jicho lisipofika, mpaka dari ianze kulegea.

Fundi wako hana nia mbaya. Saruji hushika upesi naye hulipwa upesi, ilhali chokaa hupigwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lazima lisubiriwe, linyunyiziwe maji na kukingwa na jua, kwa kuwa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka hewani. Gharama ya muda huo ni halisi, na maofisa wanaokataza bila kuitaja huwafanya wenye nyumba wasubiri Ijumaa jioni ili kazi ifanyike ofisi zikiwa zimefungwa.

Kuhusu ufa, hati itakayokufaa zaidi ni ile ya mwaka 2003, iliyoidhinishwa Victoria Falls, Zimbabwe, na mkutano mkuu wa ICOMOS, yaani baraza la kimataifa la majengo na maeneo ya kihistoria. Hati hiyo inalifananisha jengo na mgonjwa: kwanza historia ya ugonjwa, kisha uchunguzi, kisha tiba, kisha ufuatiliaji. Binafsi naiona ya manufaa zaidi kwa mwenye nyumba kuliko ile ya Venice. Kwa mujibu wake, wewe na fundi mmeanza na tiba. Tia alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za ufa, uone kama unaendelea. Kagua mbao zilizo juu ya mlango, paa, na bafu la ghorofani kama lipo, kwa sababu bomba linalovuja juu litaishinda lipu yoyote utakayoipiga chini. Ikiwa boriti imeoza au dari imebonyea, wekeni mihimili ya muda mara moja kabla ya mjadala wowote. Hati yenyewe inaruhusu hatua za dharura zisisubiri uchunguzi. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 hapo hapo Mji Mkongwe, iliporomoka Desemba 25, 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wakapoteza maisha, kwa hiyo usimruhusu fundi abomoe chochote pale mlangoni kabla mzigo wa juu haujaegemezwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi mwashi wa Lamu, na kazi ya chokaa nilifundishwa na baba yangu. Mtafiti mmoja aliyekuja kupima kuta aliniambia kuwa niyajuayo yanafaa kuwasilishwa kwenye kongamano la kimataifa. Sina shahada. Je, njia ipo?
Fundi, Lamu

JIBU: Njia ipo, mzee wangu, ingawa si pana. Kati ya wajumbe 23 walioandika Hati ya Venice, Afrika nzima iliwakilishwa na mmoja, Mustafa Zbiss wa Tunisia. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1994, wataalamu 45 kutoka nchi 28 walipokutana Nara, Japani, wakakubaliana kwamba uhalisi wa jengo haupimwi kwa jiwe lake peke yake bali pia kwa mila na mbinu za ujenzi wake. Mbinu hizo mwenye nazo ni fundi.

Makongamano ya fani hii, kama mfululizo wa uchambuzi wa majengo ya kihistoria ulioanzia Barcelona mwaka 1995, huomba kwanza ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa ulichofanya na ulichogundua, ambao husomwa na wataalamu wengine kabla ya kukubaliwa. Shahada si kikwazo kikubwa kama lugha na ada ya kushiriki. Kwa hiyo andikeni pamoja na mtafiti huyo, na mkubaliane mapema, kwa maandishi, kwamba jina lako litakuwa miongoni mwa waandishi na si katika shukrani za mwisho.

Wakati huo huo anza kuweka kumbukumbu: picha za ukuta kabla na baada ya kazi, kiasi cha chokaa na mchanga, muda chokaa ilipolowekwa, msimu ulipopiga lipu, na hali yake masika mawili au matatu baadaye. Kifungu cha 16 cha Hati ya Venice kinataka kila kazi iandikwe hivyo na nakala iwekwe mahali watafiti wanapoweza kuisoma. Usiache kuandika kazi zilizoharibika, pamoja na sababu unazozidhania. Hizo ndizo ambazo wasikilizaji watakuuliza zaidi.