Mfereji wa Göta kwa Meli: Chagua Upande Kabla ya Tiketi

Wengi wanaotaka kupita Mfereji wa Göta, Uswidi, huanza na bei na tarehe. Anza na upande, yaani utatokea wapi kwenda wapi. Safari ya siku 4 kati ya Göteborg na Stockholm hufanyika kwa pande zote mbili, na tunakushauri uanzie Göteborg, upande wa magharibi. Sababu iko Berg, mahali kando ya mfereji.

Pale kuna malango 7 ya maji (vyumba vya kupandishia na kushushia meli) yaliyopangana kama ngazi, yanayoshusha meli karibu mita 19 hadi ziwa Roxen. Ukitokea magharibi na kusimama omo (sehemu ya mbele ya meli), ziwa lote liko chini yako, na kila chumba kinakusogeza karibu nalo. Ukitokea mashariki unapanda huku umekabiliwa na mawe na mbao zilizolowa.

Lango la maji ni chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma. Kila mlango una mbawa mbili zinazokutana kwa pembe, ncha ikielekea kwenye maji ya juu, hivyo uzito wa maji yenyewe ndio unaozibana. Hakuna anayeweza kuufungua mpaka maji ya pande zote mbili yalingane. Kwa hiyo meli ikisimama na usione kinachoendelea, tazama ukutani: mstari wa mawe yaliyolowa unarefuka au unafupika. Malango mengi siku hizi yana mitambo, ila la Tåtorp bado linafunguliwa kwa mikono.

Mfereji ulijengwa kuanzia 1810 hadi 1832, na wachimbaji wengi walikuwa askari wenye sepeto. Baltzar von Platen, aliyeupigania, alifariki 1829 bila kuuona umekamilika. Vipimo vya enzi hizo ndivyo vinavyotawala hadi leo: chombo kisizidi upana wa mita 7. Juno, meli ya 1874 ambayo bado inabeba abiria, ina karibu mita 6.7. Mabaharia hushusha dafrao (vizuizi vya kukinga ubavu) kati ya ubavu na ukuta. Usitoe mkono wala simu nje ya reli langoni, maana ukuta unakwaruza ubavu na nafasi ni ndogo kuliko unavyodhani.

Ufinyu huo unaingia hadi chumbani. Kwenye meli hizi kongwe utapata vitanda vya ghorofa na sinki dogo. Choo na bafu ni vya kushirikiana. Beba begi laini linalokunjika. Sanduku gumu halina pa kukaa. Chukua sweta na koti la upepo hata kama ni Julai, kwa sababu raha yote iko sitahani na jioni za ziwani zina baridi.

Mwenye boti yake mwenyewe aangalie kamba. Mfereji una malango 58: 21 upande wa magharibi wa ziwa Vättern, 37 upande wa mashariki. Kupanda ndiko kugumu. Maji yanaingia kwa nguvu kutoka mbele na kuisukuma omo pembeni, kwa hiyo kamba ya omo ipelekwe mbele kabisa, na mtu aivute bila kuacha kadiri boti inavyoinuka. Ikilegea, boti inakaa mshazari. Wakati wa kushuka kosa ni kinyume chake: ukiifunga kamba kwa fundo, maji yanaondoka na boti inabaki ikining'inia. Izungushe tu na uiachie polepole. Mgeni wa kazi hii aanzie Sjötorp, mwisho wa mfereji upande wa magharibi, kwa kuwa upande huo una kupanda kidogo. Kutoka Vättern hadi Mem, baharini, ni kushuka tu.

Abiria washuke Berg na kutembea kando ya maji. Meli inachukua muda mrefu kuliko miguu yako, na kanisa la kale la Vreta liko karibu. Kabla ya kuondoka muulize baharia utapandia lango lipi, na urudi meli ikiwa bado iko lango moja juu ya hapo.